Usasishaji wa programu za biashara

Usasishaji wa programu za biashara ni kazi ya kuzifanya programu za kompyuta zinazoendesha shughuli za kampuni, shirika au ofisi ya serikali ziendelee kufaa kadiri muda unavyopita. Kazi hiyo inajumuisha kuziba mianya ya usalama, kurekebisha kasoro, kuongeza huduma mpya, kufuata mabadiliko ya sheria na, inapobidi, kuhama kutoka mfumo mkongwe hadi mfumo mwingine. Inajumuisha pia kuwaandaa watu watakaoutumia mfumo, kwa kuwa programu inapobadilika, kazi ya mhasibu, mtunza stoo au karani wa kaunta nayo hubadilika.

Programu ya biashara hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Huhifadhi kumbukumbu za fedha, mishahara, bidhaa na wateja, na mara nyingi imeunganishwa na mifumo ya benki, mamlaka ya kodi na kampuni za simu. Kwa sababu hiyo hatari iko pande mbili: anayechelewa kusasisha hubaki wazi kwa wahalifu na kwa makosa, na anayesasisha bila maandalizi anaweza kusimamisha kazi yote kwa siku moja.

## Programu zinazohusika

Kundi kubwa zaidi ni mifumo ya kuratibu rasilimali za biashara, inayojulikana kwa kifupisho ERP. Mfumo wa aina hiyo huunganisha mauzo, manunuzi, ghala, uhasibu na utumishi katika hifadhidata moja, hivi kwamba bidhaa ikiuzwa kaunta, hesabu ya ghala na ya fedha hubadilika papo hapo.

Kampuni inayojulikana sana katika fani hii ni SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliokuwa wamefanya kazi IBM. Nyingine ni Oracle na Microsoft za Marekani, pamoja na Odoo ya Ubelgiji ambayo sehemu ya programu yake ni huria. Biashara ndogo na za kati hutumia zaidi programu za uhasibu kama QuickBooks, Sage na Tally. Mifumo ya benki, hospitali, bima na usajili wa wanafunzi nayo huhesabiwa kuwa programu za biashara.

## Aina za masasisho

Masasisho hutofautiana kwa ukubwa na kwa hatari yake:

* Kiraka ni rekebisho dogo linaloziba mwanya wa usalama au kuondoa kasoro moja. Kwa kawaida mtumiaji haoni tofauti yoyote kwenye skrini.
* Toleo dogo huongeza huduma chache bila kubadili namna ya kufanya kazi.
* Toleo kubwa hubadili skrini, taratibu au mpangilio wa data, na huhitaji mafunzo.
* Uhamaji ni kuacha mfumo mmoja na kuingia mwingine, pamoja na kuhamisha kumbukumbu zote za zamani. Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote.

Watengenezaji wengi huonyesha ukubwa wa sasisho kwa namba. Katika namba 4.2.1, tarakimu ya kwanza ni toleo kubwa, ya pili ni toleo dogo na ya tatu ni kiraka. Kutoka 4.2.1 hadi 4.2.2 ni hatua fupi. Kutoka 4 hadi 5 kunahitaji maandalizi.

## Historia

Programu za kwanza za biashara ziliandikwa katika miaka ya 1950 na 1960 kwa kompyuta kubwa zilizojaza chumba. Lugha ya COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya shughuli za biashara, bado inaendesha mifumo mingi ya benki na serikali. Wakati huo nafasi ya kuhifadhi data ilikuwa ghali, hivyo mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili tu: 65 badala ya 1965.

Akiba hiyo ndogo ilizaa tatizo la mwaka 2000, ambapo kompyuta zingeweza kusoma 00 kuwa 1900. Kampuni na serikali duniani kote zilitumia miaka kadhaa kukagua na kusahihisha programu kabla ya tarehe 1 Januari 2000. Siku hiyo ilipita bila maafa makubwa, na baadhi ya watu walidhani hofu ilikuwa imetiwa chumvi. Hata hivyo kazi ile ilifichua kwamba programu zilizokusudiwa kudumu miaka michache zilikuwa zimetumika kwa miaka 30, na waliozijua vizuri walikuwa wamekwisha staafu.

Zamani masasisho yalipelekwa kwa kanda, disketi au diski za CD, na yalikuja mara chache. Kuenea kwa intaneti kuliharakisha mwendo. Mwezi wa Oktoba 2003 Microsoft ilianza kutoa viraka vya usalama kwa siku maalumu, yaani Jumanne ya pili ya kila mwezi, ili mafundi wa kampuni wapange kazi yao mapema. Mwaka 2001 wataalamu 17 waliokutana Utah, Marekani, walitoa tamko lililohimiza kutengeneza programu kwa hatua fupi na kupokea mabadiliko hata kazi ikiwa imesonga mbele. Baadaye huduma za wingu, ambapo programu hukaa kwenye seva za mtengenezaji, zilimwezesha mtengenezaji kuwasasishia wateja wake wote kwa pamoja.

## Kwa nini programu hupitwa na wakati

Programu haishiki kutu kama mashine. Ikiachwa bila kuguswa, maagizo yake hubaki yaleyale. Kinachobadilika ni mazingira yake. Mtaalamu Meir Lehman, aliyefundisha Imperial College mjini London, alianza mwaka 1974 kueleza kanuni za jambo hili. Alisema kwamba programu inayotumika katika shughuli za kweli lazima irekebishwe daima, la sivyo itazidi kupungua manufaa. Aliongeza kwamba kila rekebisho huifanya programu kuwa ngumu zaidi kuelewa, isipokuwa kazi ifanyike makusudi ya kuirahisisha.

Mazingira hubadilika kwa njia kuu nne.

Usalama. Mianya hugunduliwa kila mara. Kiraka kinapotangazwa, wahalifu nao hujifunza mwanya ulikuwa wapi, hivyo asiyekiweka huwa katika hatari kubwa kuliko kabla ya tangazo.

Sheria na kodi. Serikali ikibadili kiwango cha kodi, programu zote za mauzo na uhasibu lazima zifuate siku hiyohiyo.

Mwisho wa huduma ya mtengenezaji. Kila toleo lina tarehe ambayo baada yake halitolewi viraka tena. Kwa Windows XP tarehe hiyo ilikuwa 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 ilikuwa 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 ilikuwa 14 Oktoba 2025. SAP ilitangaza mwaka 2020 kwamba huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa kizazi kilichotangulia S/4HANA ingeendelea hadi mwisho wa 2027.

Biashara yenyewe. Duka lililoanza kwa fedha taslimu huhitaji kupokea malipo ya simu. Kiwanda kilichokuwa na ghala moja huwa na matatu.

Kuahirisha mabadiliko hayo huitwa deni la kiufundi, istilahi iliyotolewa na mwanaprogramu Ward Cunningham mwaka 1992. Kama mkopo, deni hilo hutoa nafuu ya leo lakini hulipiwa riba: kila toleo linalorukwa hufanya linalofuata kuwa gumu zaidi. Methali ya Kiswahili, "usipoziba ufa utajenga ukuta", inaeleza jambo hilohilo.

## Madhara ya kuchelewa

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya katika Windows. Takriban miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, virusi vilivyoitwa WannaCry vilitumia mwanya huohuo kuenea katika nchi zaidi ya 150. Virusi hivyo vilifunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia ili yafunguliwe. Huko Uingereza, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazosimamia hospitali za umma ziliathirika. Magari ya wagonjwa yaligeuzwa njia, na maelfu ya miadi ya wagonjwa, ikiwemo ya upasuaji, ilifutwa. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa tayari kimetolewa, hakikuwa kimewekwa.

Mwaka huohuo kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo, ilidukuliwa. Mwanya ulikuwa katika programu huria ya Apache Struts, na kiraka chake kilitolewa mwezi Machi 2017. Wadukuzi walikuwa ndani ya mifumo ya kampuni kuanzia Mei hadi Julai, na taarifa za watu wapatao milioni 147 ziliibwa.

## Madhara ya kusasisha vibaya

Haraka bila utaratibu nayo ina gharama. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital, iliyofanya biashara ya hisa nchini Marekani, ilianza kutumia programu mpya kwenye seva zake nane. Fundi alikuwa ameweka programu hiyo kwenye seva saba tu. Seva ya nane iliwasha sehemu ya zamani ya programu iliyokuwa imeachwa kutumika miaka mingi kabla, ikanunua na kuuza hisa bila kukoma. Ndani ya dakika 45 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Mwaka uliofuata iliunganishwa na kampuni nyingine.

Mwezi wa Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha kumbukumbu za wateja milioni 5.2 kwenda mfumo mpya mwishoni mwa juma moja. Data ilihama salama, lakini mfumo ulishindwa kubeba kazi. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na huduma hazikurudi katika hali ya kawaida hadi Desemba. Mkurugenzi mkuu aliondoka, na mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows. Ndege hazikuruka, na benki, hospitali na vituo vya televisheni vilikwama. Sasisho hilo lilikuwa limetumwa kwa wateja wengi kwa mara moja badala ya kujaribiwa kwanza kwa wachache.

Matukio haya hayana maana kwamba ni heri kutosasisha. Yanaonyesha umuhimu wa kujaribu kwanza, kwenda hatua kwa hatua, na kuwa na njia ya kurudi nyuma.

## Hatua za kazi

Mashirika yaliyozoea kazi hii hufuata utaratibu unaofanana:

1. Kuorodhesha. Andika programu zote zilizopo, matoleo yake, mahali zilipo na tarehe za mwisho wa huduma. Mwanya ulio katika programu isiyojulikana kuwepo hauwezi kuzibwa.
2. Kupanga kwa uzito. Kiraka cha usalama kwa seva inayofikika kupitia intaneti hutangulia. Rangi mpya za skrini zinaweza kusubiri.
3. Kutunza nakala rudufu. Nakala ya data hufanywa kabla ya sasisho na kuwekwa mahali pengine. Hujaribiwa kwa kuirudisha, kwa kuwa nakala isiyofunguka haina faida.
4. Kujaribu. Sasisho huwekwa kwanza kwenye mfumo wa majaribio unaofanana na ule wa kazi, na watumiaji halisi hupitia shughuli zao za kila siku: kutoa ankara, kulipa mishahara, kufunga hesabu za mwezi.
5. Kuchagua wakati. Mwisho wa mwezi, msimu wa sikukuu na tarehe za kuwasilisha kodi huepukwa.
6. Kuanza na wachache. Tawi au idara moja hutangulia, na nyingine hufuata baada ya kuona matokeo.
7. Kuandaa njia ya kurudi. Kabla ya kuanza huamuliwa ni dalili gani itawafanya warudi kwenye toleo la zamani, na nani mwenye mamlaka ya kuamua hivyo.
8. Kufuatilia. Baada ya sasisho, makosa na malalamiko ya watumiaji huandikwa na kushughulikiwa kwa siku au wiki kadhaa.

Marekebisho ya pekee yanayofanywa kwa ajili ya kampuni moja huongeza ugumu. Kila toleo jipya likija, marekebisho hayo lazima yajaribiwe au yaandikwe upya. Kwa hiyo washauri wengi hupendekeza kutumia programu kama ilivyo pale inapowezekana, na kurekebisha utaratibu wa ofisi badala ya programu.

## Watu na mabadiliko

Mfumo unaweza kuwekwa bila kosa na bado usitumike. Dalili ya kawaida ni daftari linaloendelea kuandikwa pembeni ya kompyuta. Daftari hilo si lazima liwe ukaidi. Mara nyingi linaonyesha kwamba kuna jambo mfumo mpya haufanyi, au mfanyakazi hajaamini kwamba kumbukumbu zake hazitapotea.

Sababu za watu kusita zinajulikana. Wapo wanaohofia kupoteza ajira. Wapo waliokuwa mabingwa wa mfumo wa zamani, walioulizwa na kila mtu, ambao sasa hulazimika kuuliza vijana. Wapo waliowahi kuona mradi kama huo ukishindwa. Na katika kipindi ambacho mifumo miwili hutumika sambamba, kazi huongezeka kwa wote bila mshahara kuongezeka.

Wataalamu wameeleza mchakato huu kwa nadharia mbalimbali. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, katika maandishi ya mwaka 1947, aligawa mabadiliko katika hatua tatu: kuyeyusha mazoea ya zamani, kubadilika, na kugandisha mazoea mapya. Everett Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alionyesha kwamba watu hawapokei jambo jipya kwa wakati mmoja: wachache hutangulia, wengi hufuata baada ya kuona mfano, na wengine huja mwisho. Fred Davis alieleza mwaka 1989 kwamba mtu hukubali programu akiona mambo mawili: itamsaidia katika kazi yake, na si ngumu kuitumia. Mwaka 1995 John Kotter wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa hatua nane kwa viongozi, ya kwanza ikiwa kuwafanya watu waone haja ya kubadilika.

Katika utendaji, nadharia hizo hukutana kwenye mambo machache. Wafanyakazi huelezwa mapema kwa nini mfumo unabadilika na nini kitatokea kwa kazi zao. Wanaotumia mfumo kila siku hushirikishwa katika kuchagua na kujaribu, kwa kuwa ndio wanaojua shughuli zisizoandikwa popote. Mafunzo hutolewa kwa kutumia kazi halisi ya kila mmoja, karibu na siku ya kuanza ili yasisahaulike. Kila idara huwa na mwenzao mmoja aliyefundishwa zaidi, wa kuulizwa bila aibu. Kiongozi naye hutumia mfumo mpya. Meneja anayeendelea kudai ripoti za karatasi huwafundisha walio chini yake kwamba mfumo si wa lazima.

Lugha ni sehemu ya mafunzo. Programu nyingi za biashara zina skrini za Kiingereza, na mtumiaji asiyeelewa ujumbe wa tahadhari huubofya tu ili uondoke. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri za namna hiyo nazo huhitaji kusasishwa, kwani kila toleo jipya huleta maneno mapya kwenye skrini.

## Afrika Mashariki

Katika nchi za Afrika Mashariki kodi imekuwa kichocheo kikubwa cha masasisho. Tanzania ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009. Kenya iliipunguza kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Kwa bidhaa ya shilingi 10,000 kabla ya kodi, mteja alipaswa kulipa 11,600, kisha 11,400, kisha 11,600 tena. Ambapo kiwango kilikuwa kimewekwa kama mpangilio unaoweza kubadilishwa, kazi ilikuwa ya dakika chache. Ambapo kiliandikwa ndani ya programu yenyewe, mtengenezaji alilazimika kuitwa mara mbili.

Mamlaka za kodi pia zimeleta mifumo ya risiti za kielektroniki: mashine za EFD Tanzania kuanzia mwaka 2010, EFRIS Uganda na eTIMS Kenya. Programu ya mauzo isiyoweza kuzungumza na mifumo hiyo humlazimu mfanyabiashara kuingiza kila ankara mara mbili. Sheria za kulinda taarifa za watu, iliyotungwa Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, zimeongeza wajibu wa kuzuia taarifa za wateja zisivuje.

Mfano wa uhamaji mkubwa ni M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007. Mwaka 2015 huduma hiyo ilihamishiwa kwenye mfumo mpya, na seva zake zikahamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, wakati mamilioni ya watu tayari waliitegemea kulipa na kupokea fedha.

## Biashara ndogo

Duka, zahanati au shule ndogo kwa kawaida haina fundi wa kudumu, na gharama ya bando au leseni huwafanya wengi kuzima masasisho. Wengine hutumia nakala za programu zisizo na leseni, ambazo mara nyingi hukosa viraka na zinaweza kubeba virusi. Hata hivyo hatua kadhaa hazihitaji fedha nyingi: kuruhusu masasisho ya usalama yajiweke yenyewe nje ya saa za kazi, kuweka nakala ya data kwenye diski inayochomolewa na kutunzwa mahali pengine, kumpa kila mtumiaji nywila yake, na kuandika tarehe ya mwisho wa huduma ya kila programu. Programu huria hupunguza gharama ya leseni, lakini nayo huhitaji mtu wa kuisasisha.

Huduma za wingu humwondolea mwenye biashara sehemu kubwa ya kazi ya kusasisha. Kwa upande mwingine, mabadiliko huja kwa ratiba ya mtengenezaji, na intaneti ikikatika kazi inaweza kusimama. Kabla ya kujiunga, ni muhimu kujua kama data inaweza kutolewa yote siku biashara itakapotaka kuhama.